Fundi wa Jua Kali Si Mwigaji

Kuna neno moja linalonikera kila nilisikiapo: kwamba mafundi wetu wa jua kali hawana ubunifu, kazi yao ni kuiga tu. Nimelisikia katika semina, likitoka vinywani mwa watu wenye shahada, na wasikilizaji wakitikisa vichwa kukubali. Mimi sikubali. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Chukua jiko la makaa lenye udongo ndani, lililoenea Kenya nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu walileta wazo la jiko la ndoo la Thailand, ambalo udongo wake uliochomwa huzuia joto lisipotee. Lakini ndoo ile ilikuwa nyembamba chini, na msonga ugali anahitaji jiko lisilopinduka. Basi likabanwa kiunoni, bati likapanuka juu na chini, na udongo ukawekwa nusu ya juu tu. Wataalamu walishiriki, sikatai. Hata hivyo, ni mfinyanzi aliyechoma udongo, na ni fundi wa bati aliyekata mabati chakavu kwa tindo na nyundo. Kwa kuwa hakuna aliyekatazwa kulitengeneza, mafundi waliongezeka, bei ikashuka, na jiko likavuka mpaka hadi Tanzania na Uganda. Ikiwa huko ni kuiga, basi na tuigane zaidi!

Sasa linganisha. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Mwaka 1990 magari machache ya majaribio yalionyeshwa kwa shangwe, yakaitwa Nyayo Pioneer. Hayakufika sokoni. Siwabezi wahandisi wale. Ujuzi walikuwa nao. Nauliza tu, ndugu msomaji: kati ya gari lile na jiko hili, kipi kimeingia nyumbani kwako?

Mpinzani wangu atasema majiko mengine udongo wake hupasuka upesi. Ni kweli, na fundi mlaghai hana utetezi kwangu. Ataongeza: mbona miaka yote hii fundi bado anagonga nyundo, hanunui mashine? Jibu li chini ya miguu yake. Ardhi anayofanyia kazi si yake. Siku askari wa jiji wajapo na amri ya kubomoa, nyundo huingia mfukoni, lakini mashine ya kukunja mabati haibebwi begani. Mtu asiyejua kama kesho atakuwa papa hapa hanunui kitu kizito, hata akikopeshwa. Huyo hakuikataa teknolojia. Amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi.

Wala hatuwezi kusema hatukuambiwa. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ilieleza thamani ya kazi hizi na kutaka wanaozifanya waache kusumbuliwa. Mwaka 1985 Rais alifika Kamukunji na kuagiza mabanda yajengwe. Mwaka 1992 serikali ilitoa waraka wa sera juu ya biashara ndogo na jua kali, na mwaka 2012 ikatungwa sheria nzima. Karatasi hazikosekani. Kinachokosekana ni hati ya kiwanja mkononi mwa fundi.

Kwa hiyo nasema waziwazi: fedha za semina za kumfundisha fundi ubunifu zipimiwe viwanja. Apewe mahali pa kusimama ambapo hafukuzwi, umeme, na mlango wenye kufuli. Mashine ataichagua mwenyewe, na ikimshinda ataigeuza mpaka imfae, maana hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya siku zote tulipokuwa tukimwita mwigaji.