Adui Yetu Tusimwombee Njaa





Wahenga walituachia methali isemayo: adui yako mwombee njaa. Methali ni hazina ya hekima, walakini si kila kilichomo hazinani ni dhahabu. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakristo wa Roma (12:20), aliagiza kinyume chake: adui akiwa na njaa apewe chakula, akiwa na kiu apewe maji. Kati ya maagizo hayo mawili Mkristo hana budi kuchagua moja. Na sisi tunaoishi Kilosa na Mikumi, tukijipima kwa ukweli mbele ya Mungu, tutakiri kwamba kwa miaka mingi tumekuwa watu wa Paulo midomoni na watu wa methali mikononi.

Tunaandika ili kusema jambo moja. Njaa ya mwili na njaa ya roho hapa kwetu si mambo mawili yaliyokutana kwa bahati mbaya. Asiyepata chakula na asiyetaka mwenzake apate chakula, wote wawili wana njaa: wa kwanza tumboni, wa pili rohoni. Na mara nyingi njaa ya huyu wa pili ndiyo inayoizaa njaa ya yule wa kwanza.

NJAA HII IMETOKA WAPI?

Mtu akituambia kwamba njaa ya Kilosa ni mapenzi ya Mungu, anamsingizia Mungu. Yeye alitupatia Mto Mkondoa na mbuga za Mkata. Alitupatia milima ya Wasagara, Wakaguru na Wavidunda inayotiririsha maji, na udongo ambao wageni walivuka bahari kuja kuupanda mkonge. Hapa hapa Ilonga kipo kituo cha utafiti wa kilimo kilichotoa mbegu za mahindi kama Staha na TMV-1, zilizopandwa mbali na hapa. Je, yaingia akilini kwamba nchi inayowagawia wengine mbegu ikose ugali?

Ni kweli ipo miaka ya ukame, na ipo miaka ya gharika. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mkondoa ulifurika, ukabomoa nyumba, ukaikata Reli ya Kati na kuwaacha maelfu wakiishi katika mahema. Hatusahau. Lakini gharika huja na kupita, ilhali njaa ya Januari na Februari hurudi hata baada ya mvua njema. Hiyo haitoki mawinguni. Tuitazame inavyotengenezwa.

Mwezi wa Juni familia inavuna. Siku hiyo hiyo madeni yanabisha hodi: sare za shule, dawa, mbolea iliyokopwa. Mnunuzi anafika na lori na magunia yake ya lumbesa, yaliyoshonewa kilemba juu hata gunia moja likameza karibu moja na nusu, wakati bei ni ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza jambo hilo. Watu wanaangalia pembeni. Wengine walikwisha kuuza mahindi yakiwa bado machanga shambani, kwa bei aliyoitaja mwenye fedha. Kidogo kilichobaki kinaliwa na dumuzi. Januari ikifika, mama yule yule aliyeuza kwa gunia anarudi kununua kwa debe, kwa bei iliyokwisha kupanda. Fedha hana, basi anakwenda kulima kibarua katika shamba la mwingine ili watoto wapate kula jioni. Shamba lake mwenyewe linasongwa na magugu. Mavuno yake yatakuwa haba, na njaa ya mwaka huu itakuwa imeizaa njaa ya mwaka ujao. Halafu tunasimama mimbarini kumhubiri mama huyo juu ya uvivu!

Tukitoka ghalani twende kwenye ardhi. Mashamba makubwa ya mkonge ya Kilosa na Kimamba yalipita kutoka kwa walowezi na makampuni. Mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, na katika miaka ya 1990 yakauzwa kwa watu binafsi. Katikati ya safari hiyo bei ya mkonge ilianguka, na mashamba mengi yakageuka vichaka. Pembezoni mwa vichaka hivyo mwanakijiji amekodi kijishamba kwa msimu, bila kujua kama msimu ujao ataruhusiwa kurudi. Baadhi ya hati serikali imekwisha kuzifuta, nasi tunashukuru. Lakini kufuta hati ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni swali ambalo kila mwamini anapaswa kuliuliza hadharani: ardhi iliyorudishwa imekwenda kwa nani?

Na ndugu zetu wa Mikumi? Wao wanapakana na Hifadhi ya Taifa iliyotangazwa mwaka 1964, na barabara kuu iendayo Zambia hupita ndani ya hifadhi hiyo kwa takriban kilomita 50. Utajiri unapita mbele yao mchana na usiku: watalii, malori ya shehena, mabasi. Usiku huo huo tembo huingia shambani, na kazi ya miezi mitano huisha kabla jogoo hajawika. Serikali inatoa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Ni majina ya huruma. Walakini kwa mujibu wa kanuni zenyewe malipo hayo ni pole, wala si fidia. Na jasho lililofutwa halijazi kihenge. Sisi hatuwalaumu tembo, nao ni viumbe vya Mungu. Tunasema hivi tu: ikiwa wanyama hao ni mali ya taifa zima, basi si haki gharama ya kuwalisha ibebwe na mjane mmoja mwenye ekari moja.

WANAOITENGANISHA MIKATE

Wapo miongoni mwetu wanaosema: kazi ya Kanisa ni roho, matumbo ni kazi ya serikali. Tunawauliza: Injili ipi mmesoma? Katika sura ya sita ya Yohane Bwana aliwalisha kwanza watu elfu tano waliokuwa wameketi majanini, ndipo akawafundisha juu ya Mkate wa uzima. Hakuwaambia wenye njaa wasubiri mbinguni. Na mtume Yakobo (2:15-16) alimkaripia anayemwaga ndugu yake mwenye njaa kwa baraka tupu, bila kumpa kitu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini Mkristo mwenye shibe hana ruhusa ya kutomjua.

Wapo wengine wanaoamini kwamba gunia la mahindi ya msaada linamaliza yote. Wanagawa, wanapigwa picha, wanaondoka. Hao nao wanakosea, maana Bwana huyo huyo, aliposhawishiwa jangwani ageuze mawe kuwa mikate, alikataa. Mtu aliyelishwa bila kuulizwa kwa nini ana njaa, bila kusikilizwa, bila kurudishiwa ardhi yake wala bei ya haki, ameshibishwa kwa wiki moja na kudharauliwa kwa mwaka mzima. Heshima nayo ni chakula.

Na wapo wa tatu, hatari kuliko hao wawili: wahubiri wanaopita na vipaza sauti wakiwataka maskini wapande mbegu ya fedha ili wavune miujiza. Mkulima wa Ilonga anajua mbegu ni nini. Mbegu hupandwa ardhini, hupaliliwa, hungojewa mvua. Mbegu inayoishia mfukoni mwa mhubiri haijawahi kuota popote. Kumnyang'anya mwenye njaa fedha ya debe lake la mwisho kwa jina la Yesu ni wizi mara mbili: umeiba mkate, umeiba na imani.

DESEMBA 8

Sasa tunafika mahali panapotuuma. Ijumaa, Desemba 8, 2000, Kanisa lilikuwa likiadhimisha Sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Yalikuwa majira ya Majilio. Siku hiyo, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi kati ya wafugaji na wakulima. Mwaka 2008 damu ilimwagika tena katika wilaya yetu. Mwaka 2009 ikaja operesheni ya kuwaondoa wafugaji. Ng'ombe wakakamatwa, faini zikatozwa, familia zikatawanyika.

Tafakarini, ndugu. Ng'ombe wakila mahindi, ghala la mkulima ni tupu. Ng'ombe wakikamatwa, kibuyu cha mtoto wa Kiparakuyo ni kikavu, kwa kuwa zizi ndilo ghala la mfugaji. Kila upande ulimwombea mwenzake njaa, na sala zote mbili zikajibiwa! Waliofaidi ni wachache. Watu wa pande zote mbili wamelalamikia rushwa iliyoukuza ugomvi: mkulima alipe ili asikilizwe, mfugaji alipe ili asifukuzwe. Kesi isiyoisha ni shamba la mla rushwa. Huvuna masika na vuli.

Miongoni mwa wakulima wamo waliobatizwa. Miongoni mwa wafugaji wamo waliobatizwa. Jumapili wote wanajongea altare moja kupokea Mkate mmoja. Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho (1 Kor 11) kwa sababu walikusanyika mezani pa Bwana huku mmoja ana njaa na mwingine amelewa, akawaambia wazi kwamba hicho si tena chakula cha Bwana. Angetuambia nini sisi, ambao mmoja wetu amechoma moto ghala la mwenzake, na mwingine amechunga mifugo usiku katika mahindi ya mjane, kisha wote tunaitikia Amina? Hatumhukumu mtu, mwenye hukumu ni Mungu. Lakini hatuwezi kunyamaza. Njaa ya roho tunayoisema ndiyo hii: kumla Kristo kwa kinywa na kumkataa jirani kwa panga. Ndiyo iliyoanza. Ile ya tumbo ilifuata.

"KANISA LISIINGIE KATIKA SIASA"

Tunajua tutaambiwa hivyo. Tunajibu: bei ya mahindi inapopangwa kwa lumbesa, siasa imekwisha kuingia katika chungu cha kila mwamini; Kanisa linamfuata tu mwamini wake huko aliko. Mwaka 1967 Papa Paulo VI aliunda Tume ya Kipapa ya Haki na Amani, na katika waraka wake juu ya maendeleo ya watu alifundisha kwamba maendeleo ya kweli ni ya mtu mzima na ya kila mtu. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere, mwamini wa Kanisa hili na mkuu wa nchi hii, aliwaambia Masista wa Maryknoll huko Marekani kwamba Kanisa lisiloshiriki katika kupambana na mifumo inayowafanya watu kuwa maskini litapoteza maana yake mbele ya watu. Ikiwa kiongozi wa serikali alilitaka Kanisa liseme, ni nani aliyetupa sisi ruhusa ya kunyamaza?

TUANZE WAPI?

Hatuwatumi mbali. Tuanze katika Jumuiya Ndogo Ndogo zetu.

Kwanza, kila kigango kiwe na ghala la pamoja, hata la magunia ishirini tu. Tuweke mahindi Juni, tuyakopeshane Januari kwa kipimo cha haki, debe kwa debe, bila riba. WAWATA walioweza kujenga nyumba za mapadre hawashindwi na kihenge.

Pili, Mkristo yeyote anayenunua kwa lumbesa aambiwe na jumuiya yake, kwa upendo na bila kumwogopa, kwamba anaiba. Na awe mfadhili mkubwa wa parokia, aambiwe hivyo hivyo. Altare haitakaswi kwa sadaka iliyotoka katika gunia la dhuluma.

Tatu, tuijue sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, na kwamba baraza la ardhi la kijiji huwa na wajumbe saba, watatu wao wakiwa wanawake. Mwamini asiyehudhuria mkutano mkuu asishangae ardhi ikigawiwa usiku.

Nne, kila Kwaresima jumuiya moja ya wakulima na familia za wafugaji zialikane. Wale pamoja, ugali na maziwa juu ya meza moja, kabla ya kuzungumza mipaka na njia za mifugo. Nabii Isaya (58) alikwisha kusema kwamba funga anayoitaka Bwana ni kuvunja nira na kugawana chakula na mwenye njaa.

Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kupita Kilosa. Tunaifurahia. Lakini mtoto anayeitazama ikipita huku hajala tangu jana hatakumbuka mwendo wake. Atakumbuka kama kuna jirani aliyemwita mezani.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu ni nani aliyelala njaa mwezi wa Januari uliopita? Tulijua? Kama hatukujua, kwa nini?

2. Ni nani tunayemwombea njaa, kwa maneno au kwa matendo?

3. Ardhi ya kijiji chetu iligawiwa mara ya mwisho lini, na katika mkutano upi?

4. Tutaanza na lipi kati ya mambo manne tuliyoyataja, na ni nani atakayelisimamia?

Bwana aliyejifanya Mkate kwa ajili yetu atupe njaa na kiu ya haki, na atushibishe. Amina.

Ni sisi ndugu zenu,
Tume ya Haki na Amani