Nyumba za Kilo-Moto zisiachwe zibomoke

Mongbwalu kungali na nyumba za zamani za kampuni ya Kilo-Moto: kuta nene za matofali, manjanja juu, baraza mbele. Hazikujengwa kwa huruma. Baada ya dhahabu kugunduliwa Kilo mwaka 1903, Wabelgiji walitaka wafanyakazi wakae karibu na mgodi. Lakini zimepita vita vya 2002 na 2003, na nyumba ikiachwa tupu huanza kung'olewa manjanja, halafu milango.

Familia zinazolala chini ya shitingi pale Kigonze, siku zikirudi Djugu, zitahitaji mfano wa kujengea. Baraza tu ni somo: mvua haipigi ukuta, mama anapika pakavu. Wakuu wa teritware wazihesabu nyumba hizo sasa, wakiwa na mafundi wazee.