"Imetumwa" si "imefika": usiku mmoja kando ya kijito

Najua nimekuwa kimya, na najua niliahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata. Inakuja. Leo nataka kuwapeleka mbali kidogo na tarakilishi, hadi msituni, halafu tutarudi kwenye msimbo. Vumilieni.

Agosti 2022 nilikuwa Arizona, Marekani, kwa binamu yangu anayeishi Phoenix. Huko wakati huo wa mwaka joto hupita nyuzi 40 mchana, na usiku hewa ni kama ya jikoni. Kwa hiyo wikendi moja tukapakia hema, sufuria na unga (ndiyo, binamu alibeba unga wa ugali hadi msituni) tukapanda kaskazini hadi korongo la Oak Creek, kati ya Sedona na Flagstaff. Korongo hilo lipo ndani ya Msitu wa Taifa wa Coconino. Kijito kinapita chini, kuta za mawe mekundu na meupe zimesimama pande zote mbili, na barabara ya 89A imebanwa kandokando ya maji. Kambi zenyewe zimepangwa kwenye vipande vya ardhi tambarare kando ya kijito: meza ya mbao, mahali pa kuwashia moto, nambari yako kwenye nguzo, basi.

Kwa asiyejua, misitu ya taifa ya Marekani si sawa na mbuga za wanyama. Ipo 154, inasimamiwa na Idara ya Misitu iliyoanzishwa mwaka 1905 chini ya Wizara ya Kilimo, na eneo lake lote ni kama ekari milioni 193. Hiyo ni kubwa kuliko Kenya nzima. Ndani yake watu hukata mbao, hulisha ng'ombe, huwinda, na wengine kama sisi huenda kulala kwenye hema na kuchoma soseji.

Tulipoingia korongoni, simu ilipoteza netiweki. Mimi nilifurahi. Siku mbili bila barua pepe! Lakini kabla ya hapo, kama mtu wa teknolojia anayejiheshimu, nilikuwa nimepakua programu ya hali ya hewa na kuruhusu ilani zote. Msimu wa Julai hadi Septemba huko ni msimu wa ngurumo za mchana, mvua inayomwagika kwa nusu saa kama ndoo iliyopinduliwa. Nilijiona nimejipanga.

Jioni alikuja mzee mmoja, mwenyeji wa kambi. Hawa ni watu wanaojitolea, wengi wastaafu, wanaoishi kambini msimu mzima ndani ya gari lao la kulala. Alitusalimia, akatazama hema letu, akatazama kijito, akasema kwa upole kwamba kuna wingu zito juu ya uwanda, kwamba hapa chini huenda lisidondoke hata tone, na kwamba tukiona maji yamegeuka rangi au tukisikia mlio kama lori, tusikusanye vitu. Tupande barabarani. Akaonyesha kwa kidole njia ya kupitia. Kisha akaenda hema linalofuata kusema maneno yaleyale.

Binamu aliona mzee anapenda kuongea tu. Mbinguni kulikuwa na nyota!

Saa tano usiku kijito kiligeuka rangi ya chai ya maziwa. Hakikufurika, nisije nikawadanganya kwa kutia chumvi. Kilipanda, kikaficha mawe tuliyokuwa tumekalia mchana, kikaleta matawi. Tulilala ndani ya gari karibu na barabara, na sufuria yetu ya ugali ilibaki salama. Kesho yake tulipofika kituo cha mafuta Sedona, simu ikapata netiweki na ikaanza kulia. Ilani tatu mfululizo. "Mafuriko ya ghafla. Nenda mahali pa juu sasa." Sasa! Zilikuwa zimechelewa karibu saa kumi na moja. Nilisimama pale na kikombe cha kahawa nikizisoma kama mtu anayesoma barua ya marehemu.

Sisi tulicheka. Wapo ambao hawakupata nafasi ya kucheka, na ndio sababu naandika.

Tarehe 11 Juni 2010, alfajiri, katika kambi ya Albert Pike ndani ya Msitu wa Taifa wa Ouachita, jimbo la Arkansas, watu 20 walikufa. Kambi ilikuwa kando ya mto Little Missouri, katika bonde jembamba. Onyo la mafuriko ya ghafla lilitolewa karibu saa nane usiku. Idara ya hali ya hewa, basi, ilifanya kazi yake na ujumbe ukatumwa. Lakini bondeni hapakuwa na netiweki ya simu, watu walikuwa wamelala, na mvua ilikuwa ikipiga turubai. Kipimo cha maji kilichopo Langley, chini ya kambi, kilionyesha mto ukipanda kutoka chini ya futi 4 hadi zaidi ya futi 23 ndani ya saa chache, na wakati mmoja ulipanda futi 8 kwa saa moja. Kilele kilikuwa kama saa kumi na moja na nusu alfajiri. Familia zilienda mahakamani. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa iliipa serikali ushindi kwa sababu ya sheria ya Arkansas inayomkinga mwenye ardhi anayewafungulia watu waje kujiburudisha. Sitabishana na mawakili. Mimi najua kidogo kuhusu ujumbe, kwa hiyo nitaongea kuhusu ujumbe.

Sisi wanaprogramu tuna ugonjwa. Ukituma arafa kupitia seva ya kampuni ya simu, jibu linalorudi papo hapo ni "imepokelewa". Imepokelewa na nani? Na kituo cha arafa, si na mtu. Taarifa ya kwamba imeingia kwenye rununu huja baadaye, kwa njia nyingine, kama itakuja. Na hata ikija, haisemi kama mwenye simu ameamka. Lakini kwenye ukurasa tunaomwonyesha mteja tunaandika kwa rangi ya kijani: IMETUMWA, asilimia 100. Meneja anapiga makofi.

Mimi mwenyewe nimefanya hivyo. Miaka kadhaa iliyopita niliandikia chama kimoja cha wakulima mfumo wa arafa za kuwajulisha siku ya kuleta mazao. Kila wiki ulionyesha kijani. Baada ya miezi mitatu mama mmoja alikuja ofisini na debe zake na hasira zake, akauliza kwa nini yeye hapati habari. Tulipochimba tukakuta namba 41 ambazo hazikuwahi kupokea chochote. Kosa lilikuwa langu: safu moja ya jedwali iliyoitwa "hali", na mimi nikajaza neno nililolipenda.

Baada ya Albert Pike teknolojia haikukaa. Mwaka 2012 Marekani ilianza ilani za dharura za simu ambazo mnara huzitangaza kwa kila rununu iliyo karibu, bila kujua namba ya mtu, jinsi redio inavyotangaza. Ni wazo zuri sana, kwa sababu halina foleni ya arafa wala orodha ya kusahau mtu. Mwanzoni ujumbe haukuzidi herufi 90. Tangu 2019 unaweza kufika 360. Tangu 2020 simu hazipigiwi kelele kwa kila mafuriko ya ghafla, ila yale yaliyopimwa kuwa makubwa, ili watu wasizoee na kuzima. Yote sawa. Lakini mnara usipofika, hakuna kinachofika. Tangu 2025 T-Mobile inauza huduma ya ujumbe kupitia setilaiti za Starlink moja kwa moja kwenye simu ya kawaida, na nina matumaini nayo. Ila simu lazima ione anga. Jaribu kuiwekea anga ukiwa chini ya misonobari, kati ya kuta mbili za mawe, simu iko ndani ya mfuko ndani ya kiatu ndani ya hema.

Kuna kitu cha zamani kinachonivutia zaidi: redio ya hali ya hewa ya NOAA. Mitambo zaidi ya 1,000, masafa saba karibu na 162 MHz, kiredio cha betri ambacho hukaa kimya usiku kucha na kulia chenyewe onyo la kaunti yako likitoka. Hakiombi nenosiri wala kusasishwa. Nacho pia mabonde huweza kukizuia, lakini angalau kimeundwa kwa kazi moja, kumwamsha mtu aliyelala.

Sasa nifike kwenye msimamo wangu, maana naona nimezunguka. Kambi ya kando ya kijito haihitaji programu nyingine ya simu. Kama ningepewa bajeti ya kutengeneza programu moja nzuri ya onyo kwa wanaokwenda kambi, ningeirudisha, nikaomba itumike kwa vitu vitatu visivyo na ikoni.

Cha kwanza ni mahali pa hema. Ile ardhi tambarare nzuri kando ya maji haikusawazishwa ili wewe ulale vizuri. Imesawazishwa na mafuriko yenyewe, yalipoleta mchanga na kuumwaga hapo. Watu wa kaskazini mwa Kenya wanaoishi na laga wanalijua hili kuliko mhandisi yeyote. Hulali ndani ya laga hata ikiwa imekauka miezi minane. Kambi ikipangwa upya ili vitanda viwe juu na meza za mchana ziwe chini, umeondoa tatizo kabla ya kuandika mstari mmoja wa msimbo. Albert Pike, baada ya mkasa ule kulala usiku kulipigwa marufuku.

Cha pili ni king'ora kinachosukumwa na maji yenyewe, kutoka juu ya mto. Hapa wanaprogramu mtanielewa. Vipimo vingi vya maji vya Marekani hupima kila dakika 15, na kwa kawaida hutuma kwa setilaiti kwa vipindi, mara nyingi kila saa moja. Kwa kujua hali ya mto huo ni mpango mzuri. Kwa mto unaopanda futi 8 kwa saa, huo ni mfumo unaouliza "kuna jipya?" wakati jipya limeshapita na hema. Tunataka kinyume chake: kitambuzi kinachokaa kimya, na maji yakigusa alama, kinapiga kelele mara moja kwa redio hadi kambini. Redio za LoRa hufika kilomita kadhaa kwa betri ndogo na hazihitaji mnara wa kampuni yoyote. Na si ndoto za Wazungu tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi pale Nyeri wamekwisha kupima kina cha Mto Muringato kwa vitambuzi vya bei nafuu vya aina hiyohiyo.

Cha tatu ni yule mzee. Najua nitaambiwa binadamu hawezi kuongezwa kama seva. Sawa. Lakini alifanya kitu ambacho sijawahi kuona mfumo wowote wa arafa ukifanya: alisubiri mpaka tukaitikia. Aliona macho yetu. Alijua hema la nambari fulani lina watoto na la nambari nyingine lina bibi anayetembea kwa mkongojo. Kwenye jedwali lake, "imefika" ilikuwa na maana.

Msidhani haya ni mambo ya Marekani. Aprili 2012 vijana 7 wa kikundi cha kanisa walisombwa na maji kwenye korongo la Hell's Gate, hapo Naivasha. Mwaka 2019, korongo lilelile, watu 7 tena. Mvua huwa imenyesha kwingine, juu, na aliye chini anaona jua. Mei 2024 mto Talek ulivunja kingo na kambi za Maasai Mara zikajaa maji, wageni wakaokolewa kwa helikopta. Watu wengine wakasema tutengeneze programu ya simu...

Mimi nilianza na kilicho karibu. Nilirudi kwa kile chama cha wakulima, bila malipo maana aibu ilikuwa yangu, nikafuta ile safu ya "hali" na kuweka tatu: imetumwa, imeingia kwenye simu, mtu amejibu. Kijani sasa kiko kwenye ya tatu tu. Ukurasa uligeuka mwekundu siku ya kwanza na mwenyekiti akanipigia simu kuuliza nimeharibu nini. Kila Alhamisi jioni mfumo unachapa majina ya ambao hawajajibu, karani anakata karatasi kwa mkasi kijiji kwa kijiji, na kijana wa bodaboda anazipeleka. Yule mama wa debe, nimeambiwa, hutia sahihi yake kubwa kuliko wote.