Chokaa kwa Mashina ya Miparachichi

Juma hili twaanza na barua ya mama mmoja, mzaliwa wa Pwani aliyeolewa Isebania, pale mpakani ambapo ukivuka tu umo Sirari, Tanzania. Mumewe aliwaita mafundi wakaikata miparachichi minane ya zamani nusu kimo, wakabebesha aina ya Hass yenye soko. Vikonyo vimeshika, alhamdulillahi. Lakini magome ya matawi yaliyobaki yameanza kubadilika rangi na kupasuka, na karo ya mabinti wawili yategemea miti hiyo. Shemeji yake amejitolea kuipaka rangi iliyobaki walipopaka lango. Mama atuuliza: amruhusu?

Amshukuru shemeji kwa moyo wake, kisha kopo lirudi stoo. Rangi ya lango ni rangi ya mafuta. Viyeyushi vyake huunguza gome, na utando wake huziba vitundu ambavyo mti huvutia hewa.

Hata hivyo wazo lenyewe la kupaka si baya. Wengi wetu tumezoea kuona mashina meupe shuleni na kwenye ua wa ofisi za machifu, tukayahesabu kuwa pambo, kama yale mawe yaliyopangwa kandokando ya njia. Aghalabu ni pambo kweli. Kwa mti uliokatwa kichwa, weupe una kazi. Gome lililoishi miaka mingi kivulini mwa majani yake halikuzoea jua kali. Kivuli kikiondoka kwa siku moja, sehemu hai iliyo chini ya gome hupata joto kupita kiasi ikafa. Gome hukauka, hupasuka, na kuvu na wadudu watoboao huingia. Tena humo chini ya gome ndimo chakula kitokacho majanini hushukia mizizini. Weupe huurudisha mwanga ulikotoka, nalo gome likapoa. Waliojenga miji yetu ya kale na kuzipaka kuta chokaa ya matumbawe waliijua faida hiyo.

Katika nchi za baridi miti hupakwa kwa sababu nyingine: jua la mchana wa kipupwe hulipasha gome joto, usiku likaganda kwa ghafla. Ndiyo maana vitabu vya huko husisitiza upande wa kusini. Isebania iko nyuzi moja na kidogo tu kusini mwa ikweta, na jua la adhuhuri hupita karibu na utosi. Basi panapoungua zaidi ni mgongo wa matawi yaliyolala, na ubavu wa magharibi upigwao na jua la alasiri. Apake kote kulikobaki uchi, akianzia huko. Machipukizi mapya asiyaguse.

Anunue chokaa iliyozimwa, ile ya kupakia kuta. Isichanganywe na chokaa ya shambani wapewayo wakulima kupunguza asidi ya udongo: hiyo ni mawe yaliyosagwa, haishiki. Chokaa mbichi, isiyozimwa, nayo huchemka ikipata maji na yaweza kupofusha. Isikaribie nyumba yenye watoto. Hata iliyozimwa huwasha ngozi na macho, kwa hiyo glavu zivaliwe. Aikoroge kwa maji hadi iwe nzito kama mtindi, aichuje, aipake kwa brashi siku kavu, na kuirudia mvua ikiiosha. Chokaa ikikosekana, rangi nyeupe ya maji, ya kuta za ndani, iliyozimuliwa kwa maji kiasi sawa, hufaa vilevile na hudumu zaidi.

Kabla ya kupaka aondoe vumbi na udongo wa mchwa kwa brashi laini. Chokaa haiwaui mchwa, ila njia zao za udongo huonekana upesi juu ya weupe. Palipokwisha kupasuka, aondoe kwa kisu safi gome lililokufa tu, akome mara aonapo rangi ya uhai, aache pakauke, ndipo apake. Na mwenye michungwa inayotoa utomvu karibu na ardhi asiifunike kwa chokaa akadhani ameitibu. Hiyo ni maradhi ya vimelea vinavyofanana na kuvu, na tiba yake huanza kwa kuuondoa udongo uliorundikwa shinani na kuiuliza ofisi ya kilimo kuhusu dawa ya shaba.

Mama ataja kwamba mume wake anakusudia kuikata miparachichi mitano iliyosalia. Safari hii mafundi waache tawi moja lenye majani katika kila mti, liutie shina kivuli na kuilisha mizizi hadi vikonyo vikue, litakatwa baadaye. Na chokaa ipakwe siku ileile ya kukata, kabla jua la kesho yake halijachomoza.