Nusu ya Pili Ashike Nani?

Neno "nusu kaputi" lina ukweli ndani yake. Nusu tumepewa na Waarabu. Kaputi, wasemavyo wajuzi wa lugha, imetoka kwa Wajerumani waliotawala Tanganyika, nao hulitumia kwa kitu kilichokwisha kuharibika. Basi mwenye kupasuliwa amekufa nusu.

Nilikuwa Longisa, kule Bomet kwenye nchi ya chai, kumkagua sahibu yangu aliyelazwa. Mzee mmoja wa Kikipsigis, aliyengoja kupasuliwa ngiri, aliiona kofia yangu akaniuliza: "Sheikh, nusu moja inakufa. Hii ingine nani anashika?" Nilicheka. Baadaye nikaona haya kwa kicheko changu.

Maana kuna wakati nusu hiyo haikuwa na mshikaji. Novemba 1847 Daktari James Simpson wa Edinburgh aliijaribu klorofomu nafsini mwake pamoja na wenzake, ikawaangusha. Haikupita miezi mitatu, tarehe 28 Januari 1848, msichana wa miaka 15, Hannah Greener, alifariki huko Uingereza akitolewa ukucha wa kidole cha mguu. Ukucha, ndugu msomaji! Miaka ile kitambaa cha dawa mara nyingi kilishikwa na yeyote aliyekuwa karibu, na macho yote yalikuwa kwenye kisu.

Wala si Wazungu peke yao waliohangaika. Nizam wa Hyderabad, mtawala Mwislamu wa Bara Hindi, alitoa fedha mwaka 1889 ichunguzwe dawa hii huuaje. Wachunguzi wakasema: iangalieni pumzi, moyo hauna neno. Nusu wakapata, nusu wakakosa, kwani mwaka 1911 Goodman Levy alionyesha kwamba klorofomu, hata ikiwa kidogo, yaweza kuuvuruga moyo ukasimama ghafla.

Klorofomu imeachwa, na dawa za leo ni salama zaidi. Lakini nusu ya pili ingali yataka mtu. Sisi humsifu aliyetupasua kwa jina lake. Aliyetulaza na kuihesabu pumzi yetu hatumjui hata sura. Nami nasema, kabla ya kutia sahihi, uliza: nani atanilaza, na atakaa nami hadi niamke? Huo si utovu wa adabu. Na wanaotaka neno laini zaidi badala ya nusu kaputi, mimi simo.

Mzee yule hakuona aibu. Alipoitwa alimwuliza muuguzi, akaonyeshwa kijana mmoja mwenye nguo za kijani. Akamshika mkono, akamwuliza jina lake, kisha la baba yake.