Yashika zote Yashika, lakini lenzi si moja

Leo tunaongea kamera, maana naona vijana wengi wameamka, kila mtu anataka kupiga picha za harusi.

Nenda Mwamkulu, pale Mpanda kwenye mashamba ya mpunga, omba kuonyeshwa albamu ya familia. Picha za miaka ya 1990 utazitambua tu. Mtu kasimama wima kama anaapishwa, flashi imempiga usoni, nyuma giza totoro. Miaka ile wapiga picha wengi wa mitaani Afrika Mashariki walitembea na Yashica MF-2, na wengi wetu tuliiita Yashika, basi. Lenzi yake ni milimita 38, fokasi haizungushwi, ukishaweka mkanda na betri ni kubonyeza tu. Haikuwa kamera ya maringo, lakini ilileta ugali mezani.

Sasa jina hilo limebaki vichwani, na wajanja wanalijua. Mtu anaona neno Yashica kwenye lenzi ya mtumba, anatoa hela. Anaingizwa mjini mchana kweupe!

Sikiliza. Kampuni yenyewe ilianza mwaka 1949 huko Nagano, Japani, ikitengeneza vipuri vya saa. Kamera zilikuja baadaye. Mwaka 1966 wakatoa Electro 35 yenye lenzi ya Yashinon, milimita 45, inayofungua mpaka 1.7, na ikauzwa kwa mamilioni. Mwaka 1968 wakainunua Tomioka, Wajapani wenzao waliokuwa wakiwatengenezea lenzi. Halafu 1973 wakashikana mkono na Wajerumani wa Carl Zeiss. Hapo ndipo utamu ulipo: kuanzia Contax RTS ya 1975, lenzi za Zeiss na za Yashica zikawa na mdomo mmoja, hii inaingia kwenye kamera ya ile.

Za Yashica za mdomo huo angalia herufi. DSB ni ya bei poa, kioo chake kimepakwa dawa tabaka moja tu. ML imepakwa tabaka nyingi. Tofauti utaiona Mwamkulu saa saba mchana, jua linapiga kwenye maji ya majaruba na kukurudia usoni: DSB picha inafifia kama nguo iliyofuliwa sana, ML inasimama. Na ML ziko za kila aina. Ya 28 inaukusanya ukoo mzima chini ya mwembe, ya 135 ni ya sura ya bibi harusi, na ipo mpaka ya 500, hiyo wapelekee viboko wa Katavi ukiwa mbali, maana kiboko hana utani. Kwa adapta zinakaa kwenye kamera nyingi za kidijitali zisizo na kioo cha ndani, ila fokasi utazungusha mwenyewe.

Vile vidogo vya mfukoni navyo havilingani. T4 ya mwaka 1990 ina Tessar ya Zeiss, na watu wanaigombea. MF-2 haina hiyo kitu. Akikuuzia MF-2 kwa bei ya T4, mwambie asante kaka, tutaonana.

Kyocera waliichukua Yashica 1983, na kufika 2005 wakaachana kabisa na biashara ya kamera. Jina likabaki linazunguka. Mwaka 2017 likabandikwa kwenye kidude kiitwacho Y35, kikachangiwa zaidi ya dola milioni 1 na wenye kiu ya zamani, kisha kilipofika wengi wakalalamika picha mbovu. Si kina Nagano wale.

Kwa hiyo ukiletewa lenzi, usisome jina kwanza. Washa tochi ya simu, mulika kutokea nyuma, chungulia mbele. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi, imeshaanza kula kioo. Rudisha mezani taratibu, sepa zako.