Maandishi Hafifu Yanamfukuza Msomaji
Tovuti inayoandikwa kwa kijivu hafifu juu ya nyeupe inamnyima msomaji haki yake. Mwongozo wa ufikivu wa tovuti, WCAG 2.0, uliotolewa na shirika la viwango vya wavuti, W3C, mwaka 2008, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, kiwango kilichozingatia uoni wa wazee wa miaka 80 hivi. Wapo wasanifu wanaodai kwamba rangi nzito huharibu urembo. Hawajalazimishwa kutumia nyeusi: kijivu chenye namba #767676 juu ya nyeupe kinatimiza kipimo, na vikokotoo vya uwiano vipo bure mtandaoni. Wala si suala la wazee peke yao. Abiria anayetafuta nauli kwenye simu, jua la utosi likimwakia kituoni, anahitaji tofauti hiyohiyo, tena kwa haraka zaidi.